Mzee wa Manati wa Gatuanyaga

Benchi la Mugutha ni ubao mmoja juu ya mawe, mbele ya jiko la Waruguru muuza kahawa, na anayelikalia hukalia pia mambo ya watu. Asubuhi hiyo mambo yalikuwa ya Nekoye. Mwezi uliopita alirusha droni kule Gatuanyaga kupiga picha za shamba linalouzwa, na mzee wa shamba jirani akaitungua kwa manati. Sasa alibaki na droni moja tu, na dalali alizitaka picha zile zile kesho saa tatu. Hii nayo ikienda, angerudi Ruiru kupiga watu picha za pasipoti. Nekoye alikuwa ameapa harudi.

— Soma mpango, alisema Mburu, fundi wa pampu za maji ambaye benchi lilimwita Enjinia.

Nekoye akafungua daftari.

— Kibali ninacho. Upepo nimecheki, asubuhi uko chini. Nakaa mbali na nyaya za stima. Sivuki mpaka, na kamera haiangalii boma ya mtu. Betri mbili, zimejaa.

— Na mzee wa manati?

— Hapo ndio nimekwama.

— Rusha saa kumi na mbili, wakiwa wamelala, akasema Enjinia. Wahenga walisema, ukimwamsha aliyelala utalala wewe.

— Wee! Wale ni wafugaji, saa kumi wanakama!

Huyo alikuwa Kimanzi, aliyeitwa Shahidi kwa kuwa hakuna jambo lililowahi kutokea kutoka Ruiru mpaka Thika asilolishuhudia.

— Mimi niliona jamaa kule Kalimoni amepaka droni rangi nyeusi. Watu wakadhani ni kunguru.

— Na kunguru wenyewe?

— Waliikubali! Ilikaa nao wiki mbili.

Benchi likaangua kicheko. Nekoye hakucheka.

— Basi nikufungie sailensa ya pikipiki, akasema Enjinia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Sailensa ya nduthi? Si itakaa chini kama kuku ameatamia!

— Sikieni, Shahidi akashika goti la Nekoye. Tunakodi spika. Tunatangaza chanjo ya ng'ombe sokoni, ya bure. Gatuanyaga yote inatoka, na mzee akiwa mbele. Asiyekuwepo na lake halipo!

Hapo Nekoye alipandwa na hasira.

— Kwani mimi ni mwizi? Mimi sitaki kujificha, nataka nisisumbue watu. Hizo ni vitu mbili.

— Lakini na huyo mzee muelewe, akasema Waruguru akimimina. Huko kitu kikipita juu ya shamba yako, kesho unapata bikoni za mpaka zimehama. Hata mimi ningetafuta mawe.

Nduthi ikasimama, akashuka mama mmoja na trei mbili za mayai. Hakuna aliyemjua. Akaagiza kahawa, akaipuliza, akawasikiliza mpaka kikombe kikafika nusu.

— Samahani wanangu. Huyo mzee anaitwa nani?

Shahidi akamgeukia Enjinia. Enjinia akamgeukia Nekoye. Nekoye akapekua daftari: upepo, betri, namba ya dalali, hata namba ya kibali. Jina la mzee halikuwemo. Aliona aibu, tena aibu kubwa, maana kwao Bungoma hakuna mtu ambaye angeingia bomani mwa mwenziwe bila kupiga hodi, na yeye aliingia kutoka juu.

Akasimama, akatupa mkoba wa droni begani.

— Mama, niuzie trei moja. Kwa mtu hakuendwi mikono mitupu.

— Haiya, si umesema ni kesho? akauliza Enjinia.

— Kesho ndio narusha. Leo naenda kuuliza jina.

— Na droni unapeleka ya nini? Shahidi akapiga kelele. Ataivunja hiyo!

Nekoye alikuwa tayari amepanda nduthi, mayai mapajani.

— Nataka aishike kwanza.