Caritas na Daraja Lake la Piano

Padri, majirani, na wenzetu wa bandarini, familia imemtuma Herménégilde, kaka wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, naye atayasoma kama yalivyoandikwa.

Caritas Nizigama alizaliwa tarehe 2 Machi 1968 katika mtaa wa Kamenge, hapa mjini, akasoma huko huko, na tangu mwaka 1978 alifundishwa piano parokiani na mtawa Mbelgiji, hadi Juni 1988 alipopata cheti cha mwaka wa nne. Tangu hapo alifundisha watoto wa parokia, hakuchelewa hata siku moja, na kidole kilicholegea alikigusa kwa rula, waliopitia mikononi mwake wanajua.

Januari 1993 aliposwa na Anselme, fundi wa redio, lakini mauaji ya Oktoba yakamchukua Anselme, hivyo marehemu hakuolewa wala hakuacha mtoto. Mwaka 1995 nyumba ya Kamenge iliungua, akahamia kwa kaka yake.

Februari 1996 shule moja ya muziki ya Nairobi ilitafuta mwalimu mwenye daraja la sita la piano kwa mfumo wa Kiingereza au zaidi, na kaka yake, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo forodhani, akamjazia fomu kwa mazoea ya kazi, yaani kunakili nambari iliyo kwenye karatasi bila kuongeza wala kupunguza: nne. Shule ikakataa. Marehemu alimweleza kwamba Wabelgiji huanza kuhesabu upya baada ya hatua ya kwanza, na nne yake ilikuwa ya hatua ya pili, akacheka, akasema, "Kaka, we umenipima kama muzigo ya bandari," kisha akarekodi kaseti na kuituma. Jibu lilifika tarehe 29 Julai: wamesikiliza, ni daraja la saba, aje. Tarehe 31 nchi jirani zikatuwekea vikwazo kwa ajili ya mapinduzi ya jeshi, ndege za Nairobi zikasimama.

Begi lilibaki mlangoni, limefungwa. Tarehe 4 Novemba alishikwa na malaria, ikampanda kichwani, akafariki tarehe 9, saa nne asubuhi. Kama fomu ingejazwa sawasawa, angekuwa Nairobi tangu Aprili. Kaka yake analijua hilo, na machozi yamegoma kutoka. Majuto ni mjukuu, naye ameshafika nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mzee Mohamadi, jirani yetu, aliyetoa gari lake wakati barabara hazikuwa salama, wenzetu wa bandarini, na wanafunzi waliokuja na rula yake.

Fundi wa msalaba aliuliza aandike nini chini ya jina, na safari hii kaka yake hakunakili cheti, aliandika: mwalimu wa piano, daraja la saba. Caritas, pumzika kwa amani.