Maneno ya Nyuma ya Mlango

Fundi cherehani alikunjua karatasi ya kukatia nguo, akamwekea mapajani mwanafunzi aliyeketi naye kwenye treni. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa juu yake aliyatoa nyuma ya mlango wa chumba cha binti yake, akayanakili herufi kwa herufi, kama anavyonakili shingo ya gauni. Binti aliondoka mwezi wa pili, na simu hapokei. "Nisomee, mwanangu. Kaniandikia nini?"

Msichana alisoma mstari mmoja, akaanza kuuimba kwa sauti ya chini. "Huu ni wimbo, mama. Anasema msimtafute, akichoka kukimbia atarudi mwenyewe."

"Nani atarudi? Binti yangu?"

"Mwimbaji. Darasani kwetu wote tumeuandika madaftarini. Mimi huniliza kila mara."

Kumbe ndio wimbo ule ambao fundi alikuwa akimgombeza binti yake aupunguze sauti, kwa kelele zaidi ya wimbo wenyewe, miaka miwili mizima, asiulize hata siku moja unasema nini.

"Ni wimbo tu, mama," msichana alirudia.

"Haya. Na wewe unayelizwa nao, unataka kukimbilia wapi?"

Treni ilisimama kwenye kituo cha msichana, naye hakuinuka.