Herufi za Brashi Kwenye Kioo

Kuna jambo ambalo Wembe kinyozi hajalipatia jawabu hadi leo: mkono wa Brashi, uliokuwa ukimwaga kahawa kabla kikombe hakijafika mdomoni, ulitulia vipi siku ile juu ya kioo? Brashi ndiye aliyeandika mabango ya nusu ya mtaa, likiwemo la saluni ya Wembe, mpaka alipoanza kutetemeka akaweka kopo la rangi chini. Ndipo binti yake akamletea kishikwambi, kibao chembamba chenye kioo cha kuchorea kwa kidole au kwa kalamu yake. Asubuhi hiyo Brashi alikuja nacho kijiweni, mbele ya saluni, akaandika “Duka la Viatu”. Herufi zikatoka zimenyooka, nene tumboni, nyembamba mkiani, za Brashi yuleyule wa zamani.

— Mashine hiyo, mzee, alisema Wembe. Inakunyooshea.

— Basi si kazi yangu, Brashi akajibu taratibu. Mwenye duka anakuja sasa hivi. Nitamwambia atafute mwingine.

Wembe alitamani kuumeza ulimi wake.

— Usimvunje mzee moyo, bwana! alidakia Waya, fundi redio. Kioo kina umeme mdogo. Unapanda kalamuni, unaingia mshipani, unatuliza damu.

— Juzi ulipigwa na umeme wa redio, alisema Wembe. Ulitulia?

— Nilitulia sana. Nililala chini kabisa.

Wakacheka, hata Brashi.

— Mimi naona kinamjua, alisema shangazi muuza kahawa akimimina. Kimepita mjini kikasoma mabango yake yote. Sasa kinamkumbusha.

— Kimepita kwa miguu gani, shangazi? aliuliza Waya.

— Umeme wa kulaza watu umeukubali, miguu ndiyo inakushinda?

— Nipeni hiyo kalamu, alisema Wembe, ambaye wembe wake haujawahi kumkata mteja. Kama ni mashine, itaninyooshea na mimi.

Akaandika jina lake. Likatoka kama limeandikwa juu ya punda anayekimbia.

— Imekuonea kinyaa, alisema Waya. Inajua unavyonyoa.

Wakampa Brashi karatasi na kalamu ya kawaida: mistari ikatetemeka. Wakamrudishia kioo: ikatulia. Kila mtu akabaki na nadharia yake.

Mwenye duka la viatu akafika, akainama kutazama.

— Hizi hizi, baba! Ndizo nilizotaka. Na ukutani ataziandika nani?

Waya alichungulia kikombe chake. Shangazi akashughulika na birika. Brashi akaanza kukifunika kishikwambi.

— Mimi, alisema Wembe.

— Wewe wa punda?

— Kuandika sijui, shangazi. Kufuata ukingo najua. Si ndiyo kazi yangu kila siku kwenye vipaji vya nyuso za watu? Mzee achore, mimi nifuate.

Brashi alimtazama mkono, si uso.

— Herufi zangu hizo, alisema mwishowe. Ukiziharibu nakushusha ngazini mwenyewe.

Ikawa hivyo. Herufi zilichapwa kwenye karatasi pana, zikakatwa, zikabandikwa ukutani, Waya akazizungushia chaki. Jumatatu Wembe alifunga saluni, akapanda ngazi na kopo la rangi nyekundu. Brashi alikaa kwenye kiti katikati ya njia, wapita njia wakimzunguka, sauti yake ikisikika mpaka kona ya pili:

— Polepole kwenye tumbo la D, mwanangu! Hapo usinyoe!