Aliyeambiwa Atazame Tu

"Aliambiwa atazame tu, Torunn! Atazame na kuandika!" Eskil alifoka, hadi abiria wa basi la kwenda mji wa Voss, Norway, wakageukia madirisha kana kwamba hawajawahi kuona mvua.

Wote wawili walikuwa wahadhiri wa chuo cha ualimu. Ingvild, mwanafunzi aliyesimamiwa na Torunn, alikuwa akitafiti jinsi watoto wanavyohangaika kusoma. Mmoja alipoanza kulia, Ingvild aliweka kalamu chini, akakaa naye sakafuni, wakasoma pamoja. Sasa alikuwa akisema ameharibu utafiti wake na anaacha chuo.

"Ameuharibu kweli. Au utampa alama za bure, mama huruma?"

"Nitampa kazi, bwana wee! Aandike vile vile ilivyokuwa, na aeleze kwa nini alishindwa kutazama tu. Wewe ungemwacha mtoto alie?"

Eskil alikohoa. "Nina wanafunzi kumi na wanane. Nikianza kukaa sakafuni na kila anayelia, nitanyanyuka lini?"

Torunn alibonyeza kengele. Basi likapunguza mwendo.

"Hapa si kwako," Eskil alisema.

"Ni kwa Ingvild. Simu hapokei, lakini mlango atafungua."

Akashuka mvuani bila hata kuvaa kofia.