Chupa Iliyovikwa Shali

Benchi letu liko Sekei, Arusha, ubavuni mwa duka la kinyozi. Zamani lilikuwa la kanisani. Walipoletewa viti vya plastiki wakalitupa nje, sisi tukaliokota, kwa hiyo anayedanganya akiwa amelikalia anadanganya kwa kujua. Mimi ndiye mwenye birika. Naitwa Kandida, vijana wananiita Bibi, na kahawa yangu ina tangawizi ya kumfanya marehemu aulize saa ngapi. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio, na mlima Meru haukuwa umeonekana wiki nzima. Mzee Ephraimu alikuwa ameshafika. Huyu ni mstaafu wa stoo ya shule, tunamwita Ripoti kwa sababu hawezi kukuambia amepiga chafya bila kuanza na utangulizi. Alikuwepo Simel, mlinzi wa nyumba ya jirani, tunamwita Geti. Akimaliza zamu huja hapa kusinzia akiwa amekaa wima. Tukawa tunapuliza vikombe vyetu. Mara Abdiel, kinyozi mwenyewe, akatoka mlangoni amebeba samaki mfu juu ya kitana.

– Wa nne, akasema. Wa nne wiki hii.

Niwaeleze mambo ya kijana huyu, maana asiyejua atadhani sote tumerukwa na akili. Mbele ya kiti cha kunyolea ana tanki la kioo, na ndani yake mna samaki na majani ya kweli, yanayoota humohumo majini. Majani hayo hutaka hewa ya ukaa, hii tunayoitoa sisi puani. Wenye uwezo wanaagiza mtungi wa gesi. Abdiel alichukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, akatia sukari, hamira na maji ya vuguvugu, akatoboa kifuniko, akapitisha mrija wa dripu na kuuzibia kwa gundi. Ncha ya pili iko ndani ya tanki. Hamira inakula sukari, inatoa hewa, hewa inapita mrijani, mapovu yanapanda, majani yananenepa. Alijifunza kwenye simu.

Baridi ilipoingia, mapovu yakawa moja kwa dakika, na majani yakaanza kuwa ya njano. Akaniuliza mimi, kwa sababu nimepika mbege, pombe yetu ya ndizi, miaka ishirini na miwili na miguu yangu ndiyo iliyoacha, si mimi. Nikamwambia hamira yako inaona baridi. Iongezee sukari. Iweke kwenye ndoo, na jioni kabla hujafunga mwagia maji ya moto pembeni. Nikampa na shali langu aivike. Ndani ya siku tatu mapovu yalikuwa yanakimbizana, na majani yakawa ya kijani kama sare mpya. Wiki hiyohiyo samaki wakaanza kuamkia juu, midomo nje ya maji, wanatweta.

Sasa sikieni kilichomtoa jasho Abdiel kwenye baridi ile. Daktari Violet, wa meno, amefungua kliniki juu kidogo ya barabara yetu. Aliahidi kuja saa nne kulitazama tanki. Likimpendeza, Abdiel atamjengea la kwake, pale wagonjwa wanaposubiria kung'olewa, na atalitunza, na daktari anao wenzake wawili watakaotaka nao. Abdiel ni kinyozi anayechukia nywele. Zinampa chafya tangu siku ya kwanza, na sasa ni mwaka wa tisa.

– Saa mbili na nusu sasa hivi, akasema. Waliobaki kumi na mmoja wote wako juu. Daktari atakuta mochwari.

Geti akafungua jicho moja.

– Wamelewa.

– Nani?

– Samaki. Chupa yako inanuka pombe. Wamepanda juu kutafuta supu.

– Pombe inabaki kwenye chupa, Geti. Inayokwenda ni hewa tu.

– Mimi nikipita kilabuni hewa tu inanitosha.

– Wewe hupiti, nikamwambia. Unaketi.

Ripoti akaweka kikombe chini.

– Naomba nianze na utangulizi.

– Usianze, mzee wangu, nakuomba, akasema Abdiel.

– Samaki hawa walitoka wapi? Dar. Dar ni usawa wa bahari. Hapa tulipo ni mita elfu moja na mia nne. Mtu wa Dar akija huku anahema kwenye ngazi. Hawa hawana hata ngazi.

– Wana miezi minane hapa! Mbona hawakuhema mwezi wa kwanza?

– Mwinuko unajikusanya.

– Unajikusanya wapi?

– Kifuani.

– Samaki ana kifua?

– Ndiyo maana anapata shida.

Geti akasogea, usingizi umemtoka.

– Basi nawaambia, ni ibada. Tazameni wenyewe. Kila alfajiri, wote juu, midomo wazi, kwa pamoja. Spika la wale wa wokovu linaanza saa kumi na moja. Wanaitikia.

Ripoti ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa Machame, na jambo hilo likamgusa.

– Mlutheri haimbi mdomo umeachama namna hiyo. Hao watakuwa Wakatoliki.

– Mkatoliki saa hizo amelala, nikasema.

– Jamani, daah, nyinyi watu! Mimi nina saa moja na nusu ya maisha, mnanipangia dhehebu la samaki!

– Tulia kijana, akasema Ripoti. Nimeacha hoja kubwa mwisho. Mama Joyce, nimiminie.

Nikammiminia. Ananiita Mama Joyce akiwa anataka nimheshimu mbele za watu.

– Mlima, akasema.

– Mlima umefanyaje?

– Wiki nzima umejificha. Mtu akijificha wiki nzima ana jambo. Na ule si mlima, ni jiko lililofunikwa. Lina moto chini. Hewa mbaya inatoka huko, inapita ardhini, inakuja mpaka hapa chini ya sakafu ya Abdiel. Wanyama wadogo ndio wanaojua kwanza. Samaki wanatuaga.

Wote wakageuka kuutazama mlima. Hata mimi, sisemi uongo, niliangalia upande wa mlima, nikaona wingu tu.

– Shemeji yangu alipiga simu, akasema Geti polepole. Ng'ombe wa Oldonyo Sambu, kule ubavuni mwa mlima, walilia juzi. Usiku kucha.

– Umeona? Umeona! Mimi nikitoka hapa namwambia mama watoto afunge mizigo. Tunahamia Moshi.

– Moshi nako kuna mlima, nikamwambia.

– Ule umezimika.

– Nani aliuzima?

Geti alikuwa ameshika rungu lake kwa mikono miwili, nadhani alitaka kuupiga mlima ukishuka. Abdiel alikaa kizingitini, samaki mfu bado yuko kwenye kitana, akapiga chafya.

Hapo ndipo alipofika mwanamke wa maziwa. Si yule tuliyemzoea. Yule alijifungua, na huyu ameshika nafasi yake. Namnyaki, wa hukohuko Oldonyo Sambu. Akatua dumu lake.

– Shikamoo, Bibi.

– Marahaba, mwanangu.

– Takwenya, akasema Geti, akimsalimu Kimaasai.

– Iko.

Ripoti alishindwa kungoja hata anywe.

– Yeyo, mama, sema kweli tupu. Juzi usiku ng'ombe wenu walilia?

– Walilia.

Wote wakasogea mbele, benchi likapiga kelele.

– Walihisi nini?

– Njaa.

Geti akarudisha rungu chini. Namnyaki akapokea kikombe, akamwona samaki juu ya kitana, akamwona na Abdiel. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Akaingia ndani ya duka, akasimama mbele ya tanki muda mrefu kama mtu anayechagua mbuzi wa kununua.

– Wanafanya hivi siku nzima? akauliza kutoka ndani.

– Hapana, yeyo, asubuhi tu. Nikiwasha taa, ikifika saa sita wanashuka, wanakula, wanacheza. Kesho asubuhi juu tena.

– Mbuzi wakiamka hoi, mimi siulizi walichokula mchana. Naenda kuangalia zizi. Akainama, akaishika ile chupa kwenye ndoo, akauliza: Na huyu aliyevikwa shali, usiku analala?

Nimekaa na hawa watu miaka sita kwenye benchi hili. Wameshanieleza kwa nini mwezi hauanguki, na kwa nini wake wa wachungaji hunenepa. Kwa swali lile, Ripoti alitafuta utangulizi ndani ya kikombe. Geti alitazama viatu vyake. Abdiel alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Mimi nilijua. Miaka ishirini na miwili nimelala chumba kimoja na mapipa. Saa nane za usiku unayasikia yananung'unika kama wazee waliokosa nyama. Hamira hailali, haiendi kanisani, haina sikukuu. Ukiivika na kuimwagia maji ya moto saa ya kulala, ndiyo kwanza inakunja mikono ya shati.

Ningeweza kunyamaza. Mlima ulikuwa umeshabebeshwa lawama zote, na mlima haulalamiki.

– Hailali, nikasema.

Abdiel akageuka.

– Hailali kabisa?

– Kabisa. Usiku ndiyo inachapa kazi, kwa yale maji ya moto.

Akasimama. Nikaona anapiga hesabu kwa midomo.

– Majani yanakula hiyo hewa kukiwa na mwanga tu, akasema. Na taa mimi nazima nikifunga. Kwa hiyo usiku kucha hewa inaingia, na hakuna anayeila.

– Ni kama kulala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa, akasema Geti.

Hilo kila mtu wa Arusha analielewa. Kila mwezi wa saba tunazika mtu wa namna hiyo.

– Bibi, akasema Abdiel. Ulijua?

– Ya pombe nilijua. Mbege haina samaki.

– Na shali ni lako.

– Shali langu, maji ya moto maneno yangu, sukari ya kuongeza maneno yangu. Samaki wanne ni wangu. Sasa utasimama unanitazama mpaka daktari afike, au utachomoa huo mrija?

Akauchomoa. Akauacha unapumulia hewani chumbani, kwa sababu nilimpigia kelele asiuzibe. Chupa ya kitu kinachochacha ukiiziba, inakuja kukutafuta usoni.

Samaki wakabaki palepale juu.

– Wanataka upepo majini, akasema Namnyaki.

– Upepo nautoa wapi? Mashine sina!

– Unapozaje chai? nikamuuliza.

Nikakusanya vikombe, nikavisuuza mara tatu maana tangawizi yangu si ya kuchezea, nikagawa. Tukaanza. Unachota, unainua, unamwaga kutoka juu, maji yanachapa maji. Ripoti alichota akiwa ameinua kidole kidogo, kama yuko kwenye mapokezi ya askofu. Geti alimwaga kutoka urefu wake wote, akalowesha shuka lake, kiti cha kunyolea na nusu ya kioo cha ukutani. Namnyaki alifanya kazi kama wanne. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mteja, kwa sababu ya magoti, nikachota pale mkono ulipofikia.

Robo saa nzima. Hakuna aliyezungumzia mlima.

– Mmoja ameshuka, akasema Abdiel.

– Wa pili yule.

– Acheni kuhesabu, choteni! nikawaambia.

– Abdiel ni yupi hapa?

Alikuwa mlangoni, mwanamke wa miaka arobaini, miwani, koti jeupe mkononi. Saa nne kasoro dakika kumi. Madaktari wa meno nao hawana adabu ya kuchelewa. Aliona mzee wa kanisa, mlinzi aliyelowa, mwanamke wa maziwa na ajuza kwenye kiti cha kunyolea, wote na vikombe vya kahawa, wanalimwagia tanki maji yake lenyewe.

– Ni mimi, daktari, akasema Abdiel, akapiga chafya.

Nilidhani atadanganya. Ripoti alikuwa ameshaanza, anasema hii ni desturi ya kukaribisha wageni. Abdiel akamkatiza, akaeleza yote: hamira, shali, maji ya moto, samaki wanne, na kwamba dawa ni kuchomoa mrija taa inapozimwa na kuurudisha taa inapowashwa. Hakunitaja jina. Alisema, nilishauriwa. Nikaona bora angenitaja.

Daktari akakaribia tanki. Tisa walikuwa wameshuka, wanapita katikati ya majani. Wawili bado wako juu, lakini wanatweta kwa staha. Majani yalikuwa mazuri, hilo hata adui angesema.

– Mimi nang'oa meno, akasema. Mtu akiniambia haitauma, sirudi kwake. Wewe umeniambia mahali panapouma. Hili nalitaka. Ila Jumamosi na Jumapili mimi siko, niko Moshi kwa mama. Wewe unakaa wapi?

– Daraja Mbili, upande wa pili wa mji.

– Na Jumamosi unanyoa mpaka saa ngapi?

– Saa tatu usiku.

– Kwa hiyo Jumamosi jioni, kliniki ikifungwa, nani atachomoa mrija? Na Jumapili asubuhi nani ataurudisha?

Geti zamu yake inaanza jioni. Ripoti Jumapili anakusanya sadaka. Namnyaki ana ng'ombe wenye njaa. Nyumba yangu iko hatua hamsini kutoka kliniki ile, na kila mmoja mle ndani alilijua hilo. Wakanigeukia.

– Nitangoja jibu nikinywa kahawa, akasema daktari, akakaa kwenye benchi.

Nikatoka, nikainamisha birika. Likatoa tone moja na kipande cha tangawizi.

Nikarudi ndani, nikalivua shali langu kwenye ile chupa, nikalikung'uta, nikajifunika mabegani. Lilinuka mapipa yangu yote ya zamani.

– Hiyo ni ndiyo, Bibi? akauliza Abdiel.

– Hiyo ni baridi, nikamwambia. Ufunguo wa kliniki alete Ijumaa.