Msemaji wa Chifu Mwenye Manyoya Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Papa Metuakore Rongo anastaafu baada ya kuwalinda kakerori, ndege wadogo wa kisiwa chetu cha Rarotonga, kwa miaka thelathini na mmoja. Watu husema ndege hao walibaki kidogo waishe. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua aliyebaki kidogo aishe ni yeye, maana alianguka mitini mara nyingi kuliko mayai.

Kazi yake ilikuwa kufunga miti mikanda ya bati ili panya wasivifikie viota, na kuwawekea sumu bondeni. Mfuko wa sumu hakuutua hata kanisani, ndiyo maana wanakwaya wenzake walimwachia benchi zima.

Lakini sifa yake kubwa ni mti wa bonde la Vaikura. Kiota pekee kilichosalia katika bonde hilo kilikuwa juu yake, na koo mbili ziligombania kiwanja. Mama Upokoina wa ukoo wa Puati alitaka kuukata amjengee nyumba mwanawe anayerudi kutoka Auckland. Ukoo wa Marama haukuwa na nyumba ya kujenga, ila uliamini kwamba atakayetangulia kukata ndiye mwenye ardhi. Asubuhi moja wakakutana pale, kila upande na shoka lake, na juu yao mayai mawili.

Papa hakumbembeleza mtu. Aliwakumbusha kuwa mti wa chifu haukatwi bila ridhaa yake, kisha akatangaza kumtawaza ndege. Mama Upokoina akacheka, akauliza kidege kile kina sifa gani ya uchifu.

"Mama, kakerori akiwa kijana ni rangi ya chungwa, akikomaa anaota mvi," Papa akamjibu. "Huyu ana mvi mwili mzima. Wewe za kwako unazipaka rangi."

Kwetu chifu mpya hung'ata sikio la nguruwe aliyeokwa. Nguruwe akaletwa, ndege hakushuka, basi Papa akalila sikio lote kwa niaba yake na kuwa msemaji wake. Aliyeshuhudia sikio likiliwa hawezi kuukana utawala. Mashoka yakarudi nyumbani na makinda yakaanguliwa.

Tangu hapo vikao vya bonde hufanyika chini ya mti huo, hata mvua ikinyesha, na chifu hutengewa chakula kwanza. Hajawahi kugusa samaki wetu wa tui, wala hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini.

Jumatatu iliyopita koo zote mbili zilivamia ofisi yetu, kila moja na nguruwe wake, zikitaka msemaji ajaye atoke kwao. Mama Upokoina alisema ukoo wa Marama hauwezi kuachiwa mti ule, maana wale watu wana tabia ya kukata. Papa Metuakore alisikiliza matusi yote mpaka machozi yakamtoka kwa furaha.

Asante, Papa. Nenda kapumzike, ugomvi umepata wenyewe. Tunakuombea afya tele na usingizi wa mchana.