Mwalimu Maeng na Samaki Mkavu wa Bo-ram

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Maeng Sun-rye anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Watoto la Saebyeok, hapa Naju, kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike wasifu wake katika jarida letu, na kusema kweli sijui kwa nini nimeombwa mimi. Mimi ni dereva. Labda ni kwa sababu nimemwendesha miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo ni mara chache sana nilijua tunakwenda wapi.

Alianza kama mlezi wa zamu katika nyumba ya wasichana, akawa msimamizi, kisha mkuu wa idara ya ustawi. Mkoa ulimpa tuzo mara mbili. Ya kwanza aliisahau kwenye gari langu mwaka mzima, na nilipomkumbusha akaniambia niitumie kuzuia gurudumu. Watoto humwita mama mdogo. Sisi tulimwita Mwalimu mbele yake, na nyuma yake tulimwita mengine, maana si mtu wa kuridhika upesi. Kimchi ya jikoni, ile kabichi ya kuchachusha, haijawahi kuiva vya kutosha. Gari langu linanuka.

Lakini jambo litakalomfanya akumbukwe ni la watoto kupotea, nalo nitalieleza ingawa mpaka leo linanichanganya.

Zamani mtoto akitoweka hapa Saebyeok, mara ya kwanza sote tulihaha. Mara ya pili tulikunja uso. Mara ya tatu tulisema katoroka huyo, njaa itamrudisha. Polisi tuliwapigia tukikumbuka. Kitanda chake alipewa mwingine, kwa kuwa vitanda havikutosha, na akirudi alinyang'anywa simu na kusomewa mashtaka hata kabla hajavua viatu. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumechoka, na tuliamini kwamba tunafundisha adabu.

Ok Bo-ram alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikwisha kutoroka mara tatu. Mdogo wake, Han-gyeol, mwenye miaka tisa, alikuwa katika nyumba yetu ya wavulana, upande wa pili wa mji, maana kwetu wakati huo wasichana na wavulana hawakulala nyumba moja hata kama walitoka tumbo moja. Ilipokaribia Chuseok, sikukuu ya mavuno, mjomba wao alimchukua Han-gyeol akae naye siku za mapumziko. Bo-ram akaachwa, eti nyumba ni ndogo. Asubuhi ya sikukuu yenyewe, Bo-ram hakuonekana.

Mkurugenzi wa wakati huo alisema hiyo ni mara ya nne na hakuna haja ya kusumbua watu sikukuu. Mpishi alikuwa analia na jiko lake: limepotea peasi moja, vitumbua vya mchele kadhaa, na samaki mkavu mzima. Mimi nikaambiwa nizunguke kituo cha mabasi na vibanda vya michezo ya kompyuta. Nilikuwa nawasha gari Mwalimu Maeng alipotokea, mikono imejaa mafuta ya kukaangia, ametoroka mwenyewe jikoni kwa mama mkwe wake. Nasikia mama mkwe alinuna mpaka mwaka mpya.

Kwanza akapiga simu polisi, mkurugenzi akiwa amesimama hapo hapo anatikisa kichwa. Akawatajia nguo, kimo, na kovu la kidevuni. Kisha akaingia bwenini, akakaa sakafuni na wasichana, akawaambia hakuna atakayeadhibiwa kwa atakalolisema. Mmoja akasema kwamba usiku uliopita Bo-ram alimwambia mlezi wa zamu kuwa mdogo wake hajampigia simu kama kawaida yake, na mlezi akamjibu aende kulala.

Mwalimu Maeng akampigia mjomba. Tulimsikia wote, kwa sauti ya mtu aliyetoka kula: "Si nilimpandisha basi jana kurudi kwenu? Alikuwa analilia bibi yake tu. Kwani hajafika?"

Nyumba ya wavulana walijua yuko kwa mjomba. Mjomba alijua yuko nyumba ya wavulana. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amepotea tangu jana, na katika watu wazima wote wa Saebyeok hakuna aliyejua. Aliyejua ni yule tuliyemwita mtoro, naye alikuwa ametoka kumtafuta. Niliogopa sana, na sikujua hata niogope kwa ajili ya nani kwanza.

Mpishi akarudia kilio chake cha samaki. Nikasema, kwa hasira tu, kwamba mtoto wa safari huiba biskuti, si samaki mgumu kama ubao. Mwalimu Maeng akanikazia macho. "Bwana Pyo," akasema, "wewe leo asubuhi samaki kama huyo ulimwandalia nani?"

Nilimwandalia baba yangu. Marehemu baba yangu. Kila nyumba Naju asubuhi ile ilikuwa imewaandalia wafu wake samaki, peasi na vitumbua, na mchana wote tungekwenda kusujudu makaburini. Haikuwa imetupitia akilini kabisa kwamba watoto wetu nao wana wafu wao.

Bibi aliyewalea wawili hao, mzaa baba, amezikwa Gokseong. Mwalimu Maeng akawaarifu polisi wa huko, tukaondoka. Barabara ilijaa watu wanaokwenda makaburini. Tulipofika, polisi mmoja alikuwa chini ya kilima anatusubiri. Han-gyeol alikuwa amebadili basi njiani kumfuata bibi yake, na usiku akalala kwa mama mmoja wa kijiji aliyedhani wazazi wa mtoto wamekwama kwenye foleni. Sasa yeye na dada yake walikuwa kando ya kaburi la bibi yao. Bo-ram alikuwa anang'oa majani kwa mikono. Samaki alikuwa amepangwa vizuri juu ya gazeti.

Nilingoja Mwalimu aanze kugomba. Mwalimu Maeng akavua viatu, akamsujudia bibi yule mara mbili, kisha akakaa kwenye nyasi.

"Bo-ram, mara zile tatu nyingine, ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Kwa Han-gyeol," akasema. "Mliniuliza kwa nini nimetoroka. Hamkuniuliza naenda kwa nani."

Mwalimu Maeng alilia, na sioni aibu kusema nami nililia. Kisha yule samaki tukamchana na kumla garini, na harufu anayoilalamikia mpaka leo ni ya siku ile.

Tangu hapo Saebyeok polisi wanapigiwa simu papo hapo, hata kama ni mara ya kumi. Kitanda hakiguswi. Anayerudi anakula na kulala kwanza, kisha anazungumza na mtu anayemtaka yeye. Ndugu wanalala chini ya paa moja, na kwa hilo Mwalimu alipigana miaka minne na wakurugenzi wawili. Kila Chuseok gari langu linazunguka makaburini na watoto. Mwaka huu nilimuuliza nani ataniongoza njia, akasema Bo-ram, ambaye siku hizi ni mlezi wetu wa zamu. Nilifurahi, halafu nikahuzunika, na bado sijajua kipi ni kipi.

Mwalimu Maeng, asante kwa miaka yako yote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na kimchi iliyoiva. Na siku ukikosa kuonekana, hatutasema umetuacha. Tutapiga simu, tutakuwekea chakula, na ukirudi tutakuuliza ulikuwa unakwenda kwa nani.